WAZO LA LEO: Karata Moja kwa Siku

Mcheza karata wa Buraza, Gitega au Muyinga anayetaka kujifunza taroti haanzi mikono mitupu. Kopa, uru, shupaza na pau anazozijua zinalingana na vikombe, sarafu, panga na fimbo za seti hiyo yenye karata 78. Taroti yenyewe ilianza Italia karne ya 15, ikiwa mchezo tu. Utabiri ulishika kasi Ufaransa karne ya 18.

Ukichagua seti, usidanganywe na uzuri wa kasha. Zitazame karata ndogo, yaani zile za vikombe, sarafu, panga na fimbo. Katika seti ya Marseille, tatu ya panga ni panga tatu, bila mtu wala tukio. Humfaa apendaye hesabu na mpangilio. Katika ile iliyotolewa London mwaka 1909, Pamela Colman Smith alichora moyo uliochomwa na panga tatu huku mvua ikinyesha. Humfaa ajifunzaye kwa hadithi.

Kisha chomoa moja kila asubuhi, uandike unachokiona kabla ya kufungua kitabu cha maana. Karata haijui kesho yako. Inakuuliza tu leo unawaza nini. Na haraka ya kuzimaliza zote haina baraka.