Saa Nane Usiku, Simu Mkononi



Kijana mwenzangu, juzi niliamka saa nane usiku. Sikuamka kusali. Niliamka kuangalia ni wangapi wameipenda picha yangu. Walikuwa wachache, basi nikanyong'onyea mpaka asubuhi. Hapo nikajiuliza: hivi thamani yangu anaipanga nani?

Mtandao wenyewe si dhambi. Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, alitumia kompyuta kutangaza miujiza ya Ekaristi. Lakini kijana huyo huyo alijiwekea mpaka: michezo ya video saa moja tu kwa wiki. Kitu kizuri kikikosa mpaka, kinageuka kuwa bwana wako.

Tukilala na simu, usingizi unakatika. Tukishinda tunajilinganisha na picha za watu zilizorembwa, tunaanza kuyachukia maisha aliyotupa Mungu. Huzuni inaingia polepole. Yesu aliamka alfajiri akaenda peke yake kusali (Mk 1:35), kabla watu hawajaanza kumtafuta. Sisi je? Tunaamka na umati mzima mkononi!

Leo usiku iache simu chumba kingine. Pale ilipokuwa, weka rozari. Na kama huzuni haiondoki, usinyamaze: mwambie mzazi au padre, na nenda hospitali ukaonane na mtaalamu. Kutafuta msaada si kukosa imani.

Aliyekuumba hasubiri laiki zako ndipo akupende. Tuombeane.