Bei ya Kuondoka

Novemba 2023 Broadcom ilikamilisha ununuzi wa VMware, kampuni ya California ambayo programu zake huigawa seva moja katika mashine pepe nyingi, kila moja ikifanya kazi kama kompyuta inayojitegemea. Mwezi uliofuata mmiliki mpya alitangaza kwamba leseni za kudumu, zile unazolipia mara moja zikabaki zako, haziuzwi tena, na waliokwisha kuzinunua hawataongezewa mikataba ya huduma. Anayetaka kuendelea kuhudumiwa alipie usajili wa kipindi, tena kwa vifurushi vikubwa, hata kama anahitaji kipande kimoja tu.

Miongoni mwa walioguswa ni AT&T, shirika kubwa la simu la Marekani, lenye mawakili wake na wataalamu wake. Lilikuwa na mashine pepe zipatazo 75,000 juu ya programu hizo. Agosti 2024 lilikwenda mahakamani New York, likidai kwamba mkataba wake wa zamani ulilipatia haki ya kuongeza muda wa huduma na kwamba Broadcom ilikataa kuiheshimu. Broadcom ilipinga madai hayo. Kwa maelezo ya AT&T, bei mpya iliyowekwa mezani ilikuwa nyongeza ya asilimia 1,050. Yaani mteja aliyekuwa akilipa milioni 10 aambiwe alete milioni 115. Novemba mwaka huohuo wakapatana nje ya mahakama.

Mkataba, basi, ulikuwapo. Lakini kesi husubiri tarehe, na seva inayobeba simu za watu haisubiri. Kuhama nako AT&T ilikukadiria kuwa kati ya dola milioni 40 na 50, na ni kazi ya miaka. Tarakimu hiyo ndiyo ninayotaka kila mhasibu aitazame kwa makini. Haikuzaliwa siku Broadcom ilipoingia. Ilikuwa ikikua kimyakimya kila mara mfumo mwingine ulipojengwa juu ya ule wa kwanza, na mnunuzi mpya wa kampuni huihesabu kabla ya mteja kuihesabu.

Kwetu Kenya hatari hiyo ina sura ya pili, maana leseni nyingi hutozwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 123 za Kenya. Mwisho wa mwaka ilifika takriban 157. Ankara ilipanda kwa zaidi ya robo bila muuzaji kugusa bei. Chama cha akiba na mikopo kinachokusanya shilingi na kulipa dola kinastahili kuiweka tofauti hiyo katika bajeti tangu mwanzo.

Ningemshauri meneja wa chama kama hicho asisaini kabla ya kuona kwa maandishi bei itapanda kwa kiwango gani, nini kitatokea kampuni ikiuzwa, na data zitatoka kwa muundo gani. Kisha zitolewe kweli, zifunguliwe katika mfumo mwingine, na salio la mwanachama mmoja lilinganishwe hadi senti ya mwisho. Wengi huridhika na kitufe cha kupakua data bila kujua kama faili lile litasomeka kwingine. Fedha za zoezi hilo ziombwe katika mkutano uleule unaoombwa fedha za kununua programu.