Kijino Kilicholika

Mwaka 2018 nilikwenda kumtembelea binti yangu anayeishi katika jimbo la Ohio, Marekani, nikakaa huko miezi mitatu. Jirani yake alikuwa mzee wa rika langu, fundi mitambo mstaafu, mgane. Aliponiona nazungukazunguka uani kama kuku mgeni, aliniita karakanani kwake. Juu ya meza, juu ya taulo kuukuu, palikuwa na bunduki iliyofunguliwa vipande vipande.

Nikiri mapema kwamba mimi si mpenzi wa bunduki. Isitoshe, sheria ya Marekani haimruhusu mgeni wa viza ya matembezi kuwa na silaha, ila kwa masharti maalumu kama vile leseni ya uwindaji. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kushika kurunzi na kumsomea mchoro wa vipuri, maana macho yake yalikuwa yamechoka kuliko yangu. Lakini mwalimu, hata akistaafu, hakai mbele ya kitu kilichofunguliwa asiulize kinafanyaje kazi.

Ilikuwa bunduki ndogo ya kuwindia kindi na sungura, ya risasi za .22, inayojipakia yenyewe. Risasi hizo hazina kiwashio katikati ya kitako. Baruti ya kuwashia imo ndani ya ukingo, na pini huuponda ukingo huo. Risasi ikilipuka, ganda lake husukumwa nyuma, nalo hulisukuma komeo. Komeo hubana springi, ganda hurushwa nje, kisha springi hulirudisha komeo likiwa limebeba risasi nyingine. Hakuna kufuli lolote. Uzito wa komeo na nguvu ya springi ndivyo vinavyofunga mlango. Kampuni ya Winchester ilianza kuuza bunduki ya namna hiyo mwaka 1903, na ufundi huo haujabadilika sana tangu hapo. Hii ya jirani ilinunuliwa na baba yake kabla ya Vita Kuu ya Pili. Haikuwa na namba. Bunduki nyingi za bei nafuu za aina hiyo hazikupigwa namba mpaka sheria ya mwaka 1968 ilipolazimisha, ile iliyopitishwa mwaka waliouawa Martin Luther King na Robert Kennedy.

Nilidhani ugonjwa wake ni uchafu, kwa kuwa mafuta ya zamani yalikuwa yamegeuka gundi ndani yake. Tuliyaosha siku mbili. Uchafu ulipotoka ndipo ugonjwa wenyewe ulipoonekana. Kuna kijino cha chuma, hakizidi ukucha wa mtoto, ambacho huishika pini isigonge mpaka mtu avute kifyatulio. Kijino hicho kilikuwa kimelika pembeni. Bunduki ya namna hii ikichoka hapo, unaweza kuvuta mara moja ikapiga mara mbili. Sheria ya huko, tangu mwaka 1934, huihesabu bunduki inayopiga zaidi ya mara moja kwa mvuto mmoja kuwa bunduki ya rashasha. Lakini hofu ya mzee haikuwa sheria. Alikuwa na mjukuu wa miaka kumi na miwili, na alikwisha kumwahidi kwamba msimu wa kindi ukifunguliwa Septemba, atakwenda na bunduki ya babu wa babaye.

Kiwanda kiliacha kutengeneza kijino hicho zamani. Huko kuna wafanyabiashara wanaoishi kwa kuvunja bunduki chakavu na kuuza viungo vyake. Mmoja anayejulikana sana ni Numrich, katika jimbo la New York. Mzee alipekua orodha zao, akaandika barua, akapiga simu. Jibu lilikuwa moja: kimekwisha. Baada ya wiki tano alikipata kimoja kwa mtu binafsi, kikaletwa kwa posta ndani ya bahasha ya kawaida. Nilishangaa. Akanieleza kwamba mbele ya sheria yao bunduki ni ule mwili wa kati unaobeba komeo na kifyatulio. Huo ndio unaodhibitiwa. Mtutu, kitako cha mti, springi na pini ni vyuma na mbao tu.

Jambo hilo lilininyima usingizi, maana ni fumbo la jembe la babu: mpini umebadilishwa mara tatu, bamba mara mbili, na bado tunaliita jembe la babu. Wanasheria wa Marekani wamelijibu fumbo hilo kwa kuchagua kipande kimoja. Lakini mtoto yule, alipokuja Jumapili, hakuutazama mwili wa kati hata kidogo. Alipapasa kitako, mahali baba wa babu yake alipochonga herufi za jina lake kwa kisu. Kwake yeye bunduki ilikuwa pale.

Kijino kipya, ambacho nacho kilikuwa kikuukuu, kilikaa vizuri. Walikwenda kukijaribu shambani kwa nduguye, nami nikasimama mbali. Aliingiza risasi mbili mbili tu, ili ikiasi isiende mbali. Mara kumi ilipiga moja moja. Mara ya kumi na moja zikatoka zote mbili.

Tulirudi kimya. Karakanani akakitazama kijino kwa lenzi, akasema angeweza kukipiga tupa kidogo kikashika. Ila chuma cha namna hiyo kimekomazwa kwa moto juujuu tu, kama ganda la yai. Ukipita ganda, chini ni laini, na kitashika siku mbili tatu kisha kiteleze bila kutoa habari. Nikamwambia, “Kipige tupa, Mzee. Mtoto ataitumia siku moja tu, na wewe utakuwa naye.” Aliniangalia sana. Akauliza, “Ulisema ulikuwa ukifundisha walimu?”

Hakujua alichokuwa akikigusa. Mwaka 1987, nikiwa mkufunzi, nilikuwa na mwanachuo mmoja, kijana mwema, mtoto wa pekee wa mama mjane. Hesabu hakuzijua, na hasa sehemu zilimshinda kabisa. Mazoezi ya kufundisha yalipokaribia kupimwa, nilimfundisha somo moja, lile lile, jioni baada ya jioni, mpaka akalikariri na maswali yake na hata mahali pa kutabasamu. Kisha nikawaleta wapimaji siku ya somo hilo. Alifaulu. Mama yake aliniletea jogoo. Miaka minane baadaye, nikiwa katika ukaguzi, niliingia darasa lake. Watoto arobaini na kitu walikuwa wamejumlisha nusu na theluthi wakapata mbili kwa tano, na pembeni ya kila jibu palikuwa na alama ya vema kwa wino mwekundu.

Hadi leo kuna mwenzangu anayeniambia kwamba huruma si kosa, na kwamba shule hiyo bila yeye ingekosa mwalimu. Hoja hiyo naijua. Niliitumia mwenyewe kwa miaka minane. Chombo kibovu kinachokataa kufanya kazi kinamwonya kila mtu anayekigusa. Mimi nilikiondoa kionyo hicho, na watoto wale hawakuwa na namna ya kujua.

Sikumsimulia jirani habari hiyo. Nilisema tu, “Basi, usikipige.”

Alilitoa komeo, akalitia katika chupa ya plastiki pamoja na vijino vyote viwili, akabandika karatasi. Jumamosi mtoto alipoambiwa, alipiga teke mlango wa karakana na kulia ndani ya gari. Baba yake alinuna. Alisema hadharani kwamba mzee amezeeka, na kwamba fundi yeyote mjini angeimaliza kazi hiyo kwa nusu saa. Mzee hakubisha. Bunduki akaitundika ukutani bila komeo, na kwa mujibu wa sheria yao bado ni bunduki kamili.

Binti yangu akipiga simu humuulizia. Mtoto sasa amekuwa kijana na alikwisha kununuliwa bunduki nyingine. Mzee bado anapekua orodha.