Ndoa Isiyo na Mtoto: Je, Ni Ndoa au Si Ndoa?

Katika vijiji vya Kasongo na Kabambare liko neno moja liwezalo kuwakalisha wazee barazani tangu asubuhi mpaka jua kuchwa. Neno hilo si mpaka wa shamba, wala si mbuzi aliyekula mpunga wa jirani. Ni ndoa ya miaka mitatu au minne ambayo haijaleta mtoto. Mama wa mume anung'unika. Mawifi hutupa mafumbo mtoni, wakati wa kuteka maji. Mwishowe mjomba asema waziwazi: "Mali yetu imepotea bure. Arudishwe kwao, ama aletwe mwingine." Basi yampasa kila mkatekumeni ajiulize mapema, kabla neno hilo halijafika mlangoni pake: ndoa isiyo na mtoto, je, ni ndoa au si ndoa? Tena, ni nani mwenye haki ya kuivunja?

Swali hili si la Maniema peke yake, wala halikuanza leo. Katika kisiwa cha Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria, nchini Tanzania, alikuwako mtu mmoja aliyelitungia kitabu kizima. Jina lake Aniceti Kitereza. Alizaliwa mwaka 1896, akafundishwa na Mapadri Weupe, yaani shirika lilelile lililoanzisha misioni ya Kasongo, kisha akawa katekista. Mwaka 1945 alimaliza kuandika, kwa lugha ya Kikerewe, hadithi ndefu ya mume na mke walioishi zamani, kabla ya Wazungu kukitawala kisiwa chao. Kitabu kilikaa miaka mingi bila kupigwa chapa. Katika uzee wake mtungaji alikifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikatolewa mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mwaka uliofuata, 1981, mzee akafariki. Msomaji wa Kasongo hahitaji mkalimani ili akisome, kwa maana Kiswahili kilichofika Maniema na misafara ya Tippu Tip katika miaka ya 1870 ni ndugu wa Kiswahili cha kitabu hicho.

Habari yenyewe ni hii. Myombekere na mkewe Bugonoka wapendana, lakini hawana mtoto. Jamaa za mume wachoka kungoja. Wamsema mke vibaya, wamshauri mume atafute mwingine. Maneno hayo yawafikia wazazi wa Bugonoka. Baba yake, mzee Namwero, aona binti yake ametukanwa. Aja na kumchukua, amrudisha kwake. Myombekere abaki peke yake katika nyumba yenye moto uliozimika. Wengi walidhani kwamba sasa ataoa mwanamke mwingine. Yeye hakufanya hivyo. Alishika njia, akaenda kwa wakwe zake kumwomba mkewe arudi.

Hapo yafaa kutazama sana, kwa kuwa ndipo penye mafundisho. Namwero hakumfukuza mkwewe, wala hakumpa mke papo hapo. Alimtoza fidia, nayo ilikuwa pombe ya ndizi. Mtu wa haraka aweza kucheka na kusema: mzee alitaka kunywa tu. Sivyo. Pombe ya namna ile hainunuliwi sokoni. Ndizi zatafutwa, zaivishwa, zakamuliwa, zaachwa zichachuke. Kisha mitungi yabebwa mpaka kwa wakwe. Mtu mmoja hawezi kazi hiyo. Ilimpasa Myombekere kuwaomba majirani na rafiki mikono yao, na kila aliyesaidia alijua kwa nini asaidia: mtu huyu amtaka mkewe. Kwa hiyo ile fidia haikuwa bei ya mwanamke. Ilikuwa toba inayoonekana kwa macho ya watu wote. Matusi yalitoka hadharani. Heshima nayo irudi hadharani.

Basi katika hadithi hiyo desturi yaonekana kwa nyuso mbili. Jamaa walioivuruga nyumba walisema, "Ndiyo desturi yetu." Mzee aliyeitengeneza alifuata desturi vilevile. Mkatekumeni asiseme, "Mila zote ni mbaya, nitazitupa," wala asiseme, "Mila zote ni njema, nitazifuata." Yampasa aulize kila mila: je, neno hili lashona au lapasua?

Lakini ni haki kuwasikiliza wazee wanaodai mtoto, maana hawasemi upuzi. Wasema hivi: "Ndoa si ya wawili. Jamaa mbili zimefungana. Asipozaliwa mtu, jina la babu litatajwa na nani? Nani atamlisha mzee huyu mikono yake ikichoka kushika jembe?" Uchungu huo ni wa kweli. Kijijini mtoto ndiye ghala na ndiye fimbo ya uzee. Mwenye kuwadharau wazee kwa sababu ya huzuni hiyo hajui maisha ya shamba. Tena wasema kweli kwamba ndoa si ya wawili tu. Myombekere asingempata mkewe bila watu wengine. Kosa la wazee hao haliko katika huzuni yao, bali katika dawa waichaguayo.

Tuseme mke wa pili aletwa. Yeye naye ni nani katika nyumba hiyo? Hakuitwa kwa jina lake, wala kwa tabia yake. Aliitwa kwa ajili ya tumbo lake. Akizaa, mwenziwe ageuka mtumwa jikoni. Asipozaa, wamekuwa wanawake wawili wenye kulia chini ya paa moja, na hapo tu ndipo wengine huanza kumtazama mume. Yafaa kukumbuka Hana, mke wa Elkana, katika kitabu cha Samweli: mumewe alimpenda, lakini maneno ya mke mwenziwe Penina yalimfanya alie na kukataa chakula.

Jambo hili la kumtazama mume lisemwe wazi, kwa maana ujinga umewaumiza wanawake wengi. Utasa si laana, wala si kazi ya mke peke yake. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba karibu mtu 1 katika kila 6 hupatwa na shida ya kukosa uzazi katika maisha yake, na sababu huweza kuwa kwa mume, kwa mke, au kwa wote wawili. Katika Kongo yenyewe, uchunguzi wa hesabu ya watu uliofanywa kati ya 1955 na 1957 ulionyesha sehemu za nchi ambako wanawake wengi mno walifika uzeeni bila kuzaa hata mara moja. Sababu kubwa ilikuwa magonjwa ya zinaa, hasa kisonono, wala haikuwa uchawi wa shangazi. Leo pia kijana aendaye kuchimba dhahabu pande za Namoya, akalala huku na huko, aweza kurudi na ugonjwa usiojionyesha mwilini mwake. Ampa mkewe, ugonjwa waziba njia ya uzazi, kisha barazani ni mke ndiye aitwaye tasa. Je, hiyo ni hukumu ya haki? Kwanza waende hospitali wote wawili, siku moja, kwa mguu mmoja. Mume amwambiaye mkewe, "Nenda ukapimwe," naye akabaki nyumbani, amekwisha kukata shauri kabla ya ushahidi.

Na mahari je? Wengine husema: "Tulitoa mali ili tupate watoto, watoto hawakuja, basi mali irudi." Neno hilo lingekuwa kweli kama mahari ingekuwa bei. Lakini hakuna mzazi wa Kasongo akubaliye kusema kwamba amemwuza binti yake. Mwambie hivyo, atakasirika, na hasira yake ndiyo jibu. Mahari ni shahidi. Yasema mbele ya jamaa mbili: mtu huyu hakumwiba binti, alimwomba, akapewa. Shahidi huyo hafi kwa sababu mtoto hakuzaliwa. Yale aliyoyashuhudia yangali yapo.

Sheria ya nchi nayo haikukaa kimya. Amri ya tarehe 4 Aprili 1950, wakati wa Wabelgiji, ilikataza ndoa mpya za wake wengi kuanzia 1951. Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyotengenezwa upya mwaka 2016, yaendelea kutaka mume mmoja na mke mmoja, nayo yasema kwamba talaka hutolewa na mahakama. Basi mjomba amwambiaye mke "Funga mzigo wako" hakuvunja ndoa; amevunja sheria. Kanisa nalo limesema waziwazi katika sheria yake ya mwaka 1917, likarudia mwaka 1983: utasa hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Waliopeana ahadi wamekuwa nyumba siku ileile. Mtoto akija, aikuta nyumba imekwisha kusimama. Si yeye aliyekuja kuisimamisha.

Hapo mwenye kukijua kitabu cha Kitereza aweza kuuliza: "Lakini Myombekere alipata watoto! Baada ya mkewe kurudi, walikwenda kwa mganga, wakapata mwana, Ntulanalwo, na binti, Bulihwali. Kama asingewapata, je, angalivumilia?" Ni swali la haki. Hata Hana alimpata Samweli, na Elizabeti alimpata Yohane. Ni rahisi kusifu subira ambayo mwisho wake ni kilio cha mtoto mchanga. Ni nani atakayesifu subira ambayo mwisho wake ni nyumba iliyo kimya?

Jibu halimo ndani ya hadithi. Limo katika maisha ya yule aliyeiandika. Kitereza alimwoa Anna Katura mwaka 1919. Hakuna mtoto wao aliyebaki hai. Yeye alikuwa wa ukoo wa watawala wa Ukerewe, nao ni ukoo unaojali sana jina. Kwa macho ya watu wa wakati ule alikuwa na kila sababu ya kuoa mke mwingine. Hakuoa. Alikaa na Anna miaka mingi mpaka uzeeni, wote wawili wakisumbuliwa na maradhi. Wale watoto aliowapa Myombekere na Bugonoka katika kitabu, yeye mwenyewe hakupewa. Jina lake halikubebwa na mwana, na hata hivyo latajwa mpaka leo katika nchi za mbali. Lakini isidhaniwe kwamba kitabu kilikuwa malipo yake, kwa kuwa alifariki kabla ya kukiona kikienea. Hakukaa na mkewe kwa sababu ya malipo. Alikaa kwa sababu alikuwa ameahidi, na aliyeahidiwa alikuwa angali hai, angali karibu naye.

Je, jamaa wakae mbali na ndoa ya mtoto wao? La. Wana kiti katika nyumba hiyo, ila hawana panga. Mama wa mume aweza kumfariji mkaza mwanawe. Akiweza kufunga kinywa cha mawifi, amefanya kazi kubwa kuliko mganga. Baba wa mke aweza kumpokea binti aliyetukanwa, kama Namwero alivyofanya. Lakini aache mlango wazi kwa mkwe ajaye kwa unyenyekevu. Wazee waweza kumtoza fidia aliyetukana. Wajomba waweza kuwapa hao wawili yatima wa ukoo wamlee, na katika Maniema iliyopitiwa na vita mara nyingi yatima hawakosekani. Hayo yote ni kushona.

Na mkatekumeni kijana, ambaye bado hajaoa, afanye nini? Asingoje miaka minne ya machozi. Siku atakapokwenda na jamaa zake kumwomba binti wa watu, awaambie wazee wake mapema, kwa adabu na bila kiburi: "Baba zangu, mnaniombea mke. Mungu akitupa watoto, tutashukuru pamoja. Asipotupa, huyu angali mke wangu." Wengine watanyamaza. Pengine mmoja atakasirika. Lakini binti yule, aliyeketi nyuma ya ukuta akisikiliza, atajua ni mtu wa namna gani aliyekuja kumwomba.