Noti Kubwa na Chenji ya Maskini

Ukipita Kariakoo jioni, maduka ya jumla yanapofungwa, utawaona wafanyabiashara wakihesabu vibunda vya noti za shilingi 10,000, kisha wakivitia mfukoni na kutazama huku na huku kabla ya kutoka nje. Ukiwauliza, watakuambia kwamba nchi hii imechelewa mno kutoa noti ya 20,000 au ya 50,000. Panda basi uvuke bonde la Jangwani, uje huku kwetu Magomeni, umwulize mama anayepanga mafungu ya nyanya kibarazani pake. Yeye hana neno juu ya noti hizo, maana haoni kama zitamfikia. Atakuuliza wewe swali moja tu: "Una mia tano kamili?"

Twapenda leo kuyatazama mambo haya mawili pamoja, kwa kuwa kwa maoni yetu ni jambo moja, nalo ni la haki kabla ya kuwa la uchumi.

Tumsikilize kwanza mfanyabiashara, maana hoja yake si ya upuzi. Tarehe 14 Juni 1966, Benki Kuu ya Tanzania ilipoanza kazi na shilingi yetu wenyewe ikazaliwa, noti kubwa kupita zote ilikuwa ya shilingi 100, na sarafu ndogo kupita zote ilikuwa ya senti 5. Siku zile dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi saba na senti kidogo. Basi noti ile moja ilikuwa sawa na dola 14. Noti ya shilingi 10,000 ilipotoka katikati ya miaka ya 1990, nayo ilikuwa na thamani ya dola zaidi ya 15. Noti hiyo hiyo leo haifikii dola tano. Wenzetu wa Uganda wana noti ya 50,000 tangu mwaka 2003, na noti ya Kenya ya shilingi 1,000 yaizidi ya kwetu kwa thamani. Kwa hiyo anayeomba noti ya 20,000 haombi anasa. Aomba arudishiwe sehemu ya kile ambacho wakati umekila.

Wapo wanaoogopa kwamba noti kubwa huleta bei kubwa. Hapa yafaa tutofautishe homa na kipimajoto. Mwishoni mwa mwaka 1992 serikali ya Mobutu huko Zaire ilitoa noti ya zaire milioni tano. Waziri Mkuu Tshisekedi alikataa kuitambua, wenye maduka wakaikataa vilevile, na askari waliolipwa mishahara kwa noti hizo, walipoona hazinunui kitu, wakaasi mjini Kinshasa Januari 1993. Watu wengi walikufa, hata balozi wa Ufaransa aliuawa kwa risasi. Msiba ule haukuletwa na wingi wa sifuri katika karatasi. Uliletwa na miaka mingi ya kuchapisha fedha isiyo na mali nyuma yake, hata imani ya watu ikakatika. Ndiyo kusema, noti kubwa yaweza kutolewa na serikali yenye busara, na yaweza kutolewa na serikali iliyofilisika. Kwa kuitazama noti peke yake hutajua ni ipi.

Lakini kuna jambo ambalo wachumi hulipita haraka, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Katika karne ya 14 padre mmoja Mfaransa, Nicole Oresme, aliyefanywa askofu wa Lisieux mwaka 1377, aliandika kitabu kizima juu ya fedha. Alifundisha kwamba ingawa sarafu ina sura ya mfalme, si mali ya mfalme. Ni mali ya watu wanaoitumia. Mfalme akiibadili ili ajipatie faida, atenda vibaya kuliko mla riba, kwa kuwa aliyekopa kwa riba alikubali kwa hiari yake, lakini raia hakuulizwa. (Asije mtu akatukumbusha dinari ya Kaisari. Bwana wetu aliagiza Kaisari apewe kilicho chake. Hakusema kwamba vyote vilivyomo katika mkoba wa mjane ni vya Kaisari.)

Kipimo cha Oresme hakijazeeka. Mei 1987 Uganda ilibadili fedha yake: sifuri mbili zikaondolewa, na juu ya hayo katika kila mia zikakatwa 30. Tajiri aliyekuwa na nyumba, ng'ombe na gari hakukatwa kitu katika hivyo. Aliyeumia ni yule aliyekuwa ameweka fedha taslimu chunguni. Hapa kwetu, kati ya tarehe 6 Januari na 5 Aprili 2025, Benki Kuu iliwataka wananchi wabadilishe noti za zamani zilizotolewa kuanzia mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya 500 ya mwaka 2010. Kwa hilo hatusemi kwamba palikuwa na hila. Kila aliyefika benki alipewa thamani kamili. Twasema tu kwamba miezi mitatu ni mingi kwa mwenye akaunti mjini, na ni michache kwa bibi wa kijijini ambaye habari humfikia kwa mjukuu anayekuja Krismasi.

Sasa twende kwa mama wa nyanya. Lugha yetu yenyewe yamshuhudia. Zamani za rupia, rupia moja ilikuwa pesa 64, na pesa ilikuwa sarafu ndogo ya shaba. Wajerumani waliibadili hesabu hiyo mwaka 1904, rupia ikawa heller 100, nasi tukapata neno "hela." Pesa na hela, haya ndiyo majina tunayoyatumia leo kwa fedha yote duniani, hata kwa mabilioni ya bajeti, na yote mawili ni majina ya vichele. Babu zetu waliijua fedha kwa upande wake mdogo, kwa kuwa huo ndio uliowafikia.

Na upande huo mdogo ndio unaotupotea. Sarafu za shilingi 5, 10 na 20 zimetoweka mikononi mwa watu. Sarafu ya 50 yenye faru huonekana kwa nadra. Ile ya 100 yenye swala hutafutwa kama dawa. Mwaka 2014 noti ya 500 ilianza kugeuzwa kuwa sarafu, na Benki Kuu ilieleza kwamba noti ile ilichakaa upesi kwa kupita mikono mingi mno. Maelezo hayo ni ya kweli, nayo yafundisha: fedha ndogo ndiyo inayofanya kazi kuliko zote. Wakati huohuo mashine za benki humtolea mfanyakazi noti za 10,000 tu, naye hushuka nazo mtaani kutafuta nauli.

Sarafu ndogo ikikosekana, bei hukimbilia sarafu inayofuata, na siku zote hukimbilia juu. Kitu cha shilingi 450 huwa cha 500. Anayenunua gunia la mchele hatalihisi jambo hilo, kwa kuwa hulihisi mara moja tu. Lakini maskini hununua robo ya sukari, mafuta ya kupima, mkaa wa kopo, dagaa wa fungu. Hununua mara tatu kwa siku, na kila mara hutozwa ile tofauti. Hakuna sheria iliyoamuru kodi hiyo wala Bunge lililoijadili, na hakuna anayetoa risiti yake. Hata bei za kikomo za mafuta ya gari, ambazo EWURA hutangaza kila mwezi, huandikwa mpaka shilingi moja moja, kana kwamba sarafu ya shilingi moja ingalipo.

Desemba 2023 nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipanda kutoka shilingi 500 hadi 600. Nauli ya 500 ililipwa kwa sarafu moja, na mazungumzo yakaisha. Nauli ya 600 yadai mia juu yake, na mia ndiyo ambayo kila mtu aitafuta. Majuma machache yaliyopita tulikuwa ndani ya daladala iliyotoka Kariakoo. Mzee mmoja alitoa noti ya 1,000 akangojea chenji yake, mia nne. Kondakta akamwambia kwa adabu, "Shikamoo mzee wangu. Nina mia tano tu. Nipe mia nikupe hii." Mzee hakuwa na mia. Basi likafika Magomeni Mapipa, wakawa bado wanabishana, na kijana mmoja akapaza sauti kwamba mzee anachelewesha gari zima kwa ajili ya vichele. Watu wakacheka. Mzee akashuka bila kitu.

Nani alimkosea mzee yule? Tulipokuwa seminari kuu tulifundishwa swali hili chini ya kichwa cha wizi mdogo mdogo. Kulikuwa na waalimu zamani waliosema kwamba mtu akichukua kidogo kidogo, hafungwi chini ya dhambi ya mauti kurudisha alichochukua, hata jumla yake iwe kubwa namna gani. Mwaka 1679 Papa Inosenti wa Kumi na Moja alilihukumu fundisho hilo. Tufanye hesabu kidogo. Tuseme kondakta abakiza mia moja kwa abiria 40 kwa siku: ni shilingi 4,000. Kwa siku 25 ni shilingi 100,000. Fedha hiyo ina wenyewe, ingawa hakuna hata mmoja wao atakayekwenda polisi. Na kwa kuwa wenyewe hawajulikani tena, mafundisho ya Kanisa ni kwamba irudishwe kwa maskini.

Hata hivyo tusimtupie kondakta mzigo wote. Yeye mwenyewe huinunua chenji vituoni: hutoa noti ya 10,000, akapewa sarafu zilizopungua. Wauzaji wa chenji nao wana hoja yao, kwamba wamezunguka kuzikusanya, na wanateolojia wa kale waliwaruhusu wabadili fedha ujira wa haki kwa jasho lao. Lakini ujira wa haki ni jambo moja, na kuzificha sarafu mpaka watu wazililie ni jambo jingine. Hukumu yetu juu ya daladala ile ni hii: asiye na chenji ndiye apaswaye kubeba hasara, kwa kuwa yeye ndiye anayeuza na ndiye aliyekuwa na asubuhi nzima ya kujiandaa. Kondakta angempa mzee mia tano, akapoteza mia. Alichagua mzee apoteze mia nne.

Watu wa kisasa watatuambia kwamba haya yote yataisha, kwa maana simu italipa. Simu imefanya mema mengi tangu M-Pesa ilipoanza hapa nchini mwaka 2008, hatuwezi kukana. Lakini tusisahau tozo ya Julai 2021 juu ya miamala ya simu, ambayo malalamiko ya wananchi yaliifanya ipunguzwe kwa asilimia 30 Septemba ya mwaka uleule. Sarafu ya mia ikitoka mkononi mwangu kwenda mkononi mwako hufika ikiwa mia. Mpaka simu iweze kufanya hivyo kwa fungu la mchicha, maskini ana haki ya kudai sarafu.

Basi jibu letu kwa mfanyabiashara wa Kariakoo ni kwamba noti yake na itolewe, hatuoni ubaya, mradi sarafu za 50 na 100 zitangulie, kwa wingi, nazo zipatikane katika dirisha la kila benki bila mtu kuombwa kwanza afungue akaunti. Fedha ni ya wote wanaoitumia, na walio wengi kati yao hutumia upande mdogo. Kuanza na noti kubwa na kuahidi sarafu baadaye ni kumpa anayeshiba sahani ya pili kabla mwenye njaa hajaonja.

Yatubidi pia tuseme juu ya nyumba yetu wenyewe. Wapo wahudumu wa kanisa ambao husema kwa mzaha, wakati wa sadaka, kwamba sarafu hupiga kelele kapuni na kwamba Jumapili hii tungependa kusikia ukimya. Watu hucheka, na wajane hutia mikono mifukoni wasiitoe tena. Yule mjane wa Injili ya Marko alitoa sarafu mbili zilizokuwa ndogo kuliko zote katika nchi yake, na Bwana alikuwa ameketi akiangalia. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba kelele ilimsumbua.

Na kuna la aibu zaidi. Siku ile ndani ya daladala, mzee alipokuwa akiitafuta mia moja, katika mkoba wetu palikuwa na sarafu za sadaka tulizokuwa tumezihesabu asubuhi. Tulikuwa tukisoma, tukaona ni ugomvi wa watu wengine, tukanyamaza mpaka akashuka.

Tangu hapo sarafu za kapu haziendi tena benki moja kwa moja. Kila Jumatatu, kuanzia saa tatu asubuhi, mwenye duka, kondakta au mama wa genge akija na noti yake ofisini hapa Magomeni, twambadilishia shilingi kwa shilingi. Jumatatu iliyopita walikuja kumi na mmoja, na sarafu za mia zikaisha kabla ya saa nne. Wa mwisho alikuwa kondakta. Tulimpa za hamsini.