Kidude cha Mwalimu

Tuseme ni mwalimu mstaafu. Anaishi Kisesa, upande wa Bujora, ambako ngoma za sikukuu ya Bulabo zikianza kulia mwezi Juni mtu hahitaji macho kujua kwamba vikundi vya Bagika na Bagalu vinagombea watazamaji. Presha ya macho ilimnyang'anya nuru kidogo kidogo, bila maumivu, kama ilivyo kawaida yake, mpaka gazeti likawa karatasi tupu. Binti yake anayefanya kazi Uingereza akamtumia kifaa cha kusomea vitabu kwa sauti.

Kilikuwa kidude cha heshima: chembamba, kimezibwa pande zote, kinaingia mfuko wa shati, na kinashusha vitabu chenyewe kutoka maktaba ya mbali mradi kipate intaneti. Binti alikipima dukani kabla ya kulipa. Alikipima akiwa anaona, kwa Kiingereza, kikiwa kimejaa chaji, muuzaji amesimama pembeni. Kosa liliingia hapo, na nalisema mapema ili msomaji asimsubiri mwizi wala mchawi katika kisa hiki.

Kiingereza kidude kilikisoma vizuri mno. Mjukuu alipokiwekea maandishi ya Kiswahili, sauti ileile ikaanza kuyatafuna: “ng'ombe” hakutambulika, na “mheshimiwa” alitoka kama jina la dawa. Sauti tamu za kompyuta zina gharama. Mtu husoma studio kwa saa nyingi, wataalamu wakaichambua kazi yake, na kampuni huanza na lugha zenye wanunuzi wengi. Ipo programu ya bure, eSpeak, inayosoma Kiswahili. Ni ndogo kiasi cha kukaa ndani ya kifaa dhaifu, ila sauti yake ni ya bati. Wasioona walioizoea huiongezea kasi na kuendelea na kazi zao. Aliyebuni kidude cha mwalimu alichagua utamu, na kwa mteja aliyemfikiria hakukosea. Mteja huyo hakuwa Kisesa, basi.

Kisha ikaja zamu ya betri. Ulitokea msiba, kidude kikasahaulika kabatini kwa miezi, chaji ikaisha kabisa, na betri za aina ile zikikaa tupu muda mrefu hufa. Fundi simu wa Igoma alikigeuza huku na huku akitafuta parafujo.

“Shikamoo tena, Mwalimu,” akasema mwishowe. “Hiki nikikifungua, sikifungi.”

Betri ilikuwa imegandishwa kwa gundi. Gundi hiyohiyo ndiyo iliyokifanya kiwe chembamba na kisiingize vumbi, yaani sifa mbili zilizomfurahisha binti dukani.

Jirani wa mwalimu, mama muuza dagaa ambaye naye haoni, ana redio ya memori. Ndani yake mna betri ya BL-5C, ileile ya simu za Nokia za vitufe, inayopatikana hata kwa muuza vocha. Ikifa leo, leo hii anaweka nyingine. Ungetarajia niseme kwamba mama ndiye aliyekuwa na akili. Sisemi. Redio yake ikizimwa husahau ilikofika, na kitabu cha saa kumi huanza upya. Vitufe vyake vyote vina umbo moja, na kile cha kwenda mbele ukikishikilia kidogo tu kinageuka kuwa cha kuongeza sauti. Amebandika punje ya mchele kwenye kimojawapo ili kidole kijue njia. Kwa muziki inamtosha. Kwa kitabu ni mateso, na ndiyo maana hasomi kitabu.

Wanaoijua kazi hii walikwisha kulitatua hilo. Mfumo wa DAISY, ambao muungano wake uliundwa mwaka 1996, hukigawa kitabu cha sauti kwa sura, vifungu na kurasa. Victor Reader Stream iliyotoka mwaka 2007 iliutumia kwa vitufe vya namba kama vya simu: 2 na 8 kuchagua unataka kuruka kwa sura au kwa kifungu, 4 na 6 kurudi au kwenda, na 5 ina kinundu katikati. Kwa vitufe hivyo kifaa lazima kinenepe, na pia kigharimu, kwa kuwa wanunuzi ni wachache.

Upekee wa kifaa si dhambi, ukiwa na mtu nyuma yake. Maktaba ya taifa ya wasioona ya Marekani ilirekodi kanda zake kwa nusu ya kasi ya kawaida na kwa njia nne, hata kaseti ya dakika 90 ikabeba saa sita za kitabu. Kanda hizo hazikusomeka vizuri kwenye redio kaseti ya kawaida. Haikuwa shida, maana serikali iliazimisha mashine bure na iliyoharibika ilibadilishwa. Mwalimu wetu alipewa upekee bila huyo wa nyuma.

Hata maktaba ya mbali haikumsaidia sana, ilijaa Kiingereza. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020, unalenga kuruhusu vitabu vigeuzwe kwa ajili ya wasioona bila kusubiri ridhaa ya mwenye haki. Lakini mkataba hausomi kitabu. Mjukuu ndiye anayesoma, jioni baada ya shule, akirekodi riwaya sura kwa sura kwenye simu.

Binti akataka kumtafutia kifaa kingine. Safari hii mwalimu alimtumia masharti kwa WhatsApp, kwa sauti ya darasani. Betri inayouzwa Igoma. Vitufe vinavyotofautiana. Kikumbuke nilipoishia hata betri ikitolewa. Kipokee faili za mjukuu bila nywila ya mtu yeyote. Sauti mbaya naivumilia, na unene pia.

Kuhusu spika hawajaelewana. Jirani, ambaye naye sasa anakitaka, anadai isikike kuushinda mnada, kwa kuwa ukiziba masikio kwa spika za masikioni kwenye barabara ya Musoma pikipiki itakupitia. Mwalimu anasema kinachosikika mnadani husikika pia kwa kibaka. Binti ameambiwa asilipe chochote mpaka wamalize ubishi huo.