Ujira wa Nyuki

Apandaye Mgeta, katika milima ya Uluguru, huona jinsi watu walimavyo hata miteremko mikali. Huko hutoka kabichi, karoti, njegere na viazi vishukavyo hadi masoko ya Morogoro na Dar es Salaam. Basi, mahali ambapo ardhi ni haba namna hii, tukimshauri mkulima atenge ukingo wa bustani kwa ajili ya ua asiloliuza, ana haki ya kutuuliza: Je, hiyo si hasara?

Ua tulinenalo ni kalendula. Asili yake ni nchi za pwani ya Bahari ya Mediteranea, na Waingereza wamelipa jina limkumbushalo mtu dhahabu ya Bikira Maria. Hupandwa kwa mbegu, hustawi penye jua na hewa ya ubaridi, na maua yaliyonyauka yakiondolewa, mengine huendelea kuchanua. Lenye petali chache humwezesha nyuki kufikia chavua na nekta. Lililojaa petali tele hufurahisha macho yetu, lakini humpa nyuki kidogo.

Mwenye maboga hana udhuru. Ua la kike la mboga hiyo halizai bila chavua ya ua la kiume, na mchukuzi wake mkuu ni nyuki, kibarua asiyedai mshahara. Sheria ya Musa ilikataza kumfunga kinywa ng'ombe apurapo nafaka. Je, nyuki atutumikie kwa njaa?

Lakini mwenye kabichi atajibu kwamba yake huvunwa kabla ya kuchanua, hivyo yeye na nyuki hawadaiani. Neno lake ni kweli, na hapo ndipo penye swali gumu. Nyuki hajui mpaka. Yule alishwaye na ua la huyu ndiye alizalishaye boga la jirani. Na dawa ya wadudu inyunyizwayo mchana juu ya maua ya shamba moja huweza kuangamiza mizinga ya wengine. Kwa hiyo wajibu wetu haupimwi kwa faida iingiayo nyumbani mwetu tu.

Hatusemi watoto wapunguziwe chakula. Ukingo wa njia watosha. Alazimikaye kunyunyiza dawa na angoje jioni, nyuki warudipo mzingani. Na wazazi wawape watoto kazi ya kuondoa maua makavu, wajifunze mapema kumtunza asiyeweza kudai.